Mama Ameshika Nini

Nyani yule hakuitwa na mtu. Nalisema hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu watu wengi wa Mkata, na wengine wa Korogwe ambao hawajawahi kulinda shamba hata asubuhi moja, waliamini kwamba mama yangu ndiye aliyemwita.

Mama analima mahindi na mihogo Mkata, nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo honi za mabasi zinasikika lakini mabasi yenyewe huyaoni. Mimi naishi Kilole, Korogwe mjini, na nina studio yenye pazia la bluu, kiti kimoja cha kuzunguka na kioo cha wateja kujiwekea sawa nywele. Napiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto wanaolia wakiwa wamevishwa tai. Hizo ndizo zinazonilisha. Lakini nilichokitaka ni kupiga wanyama, na si wale wa mbugani ambao wageni wanawafuata kwa magari. Niliwataka wanyama wetu, hawa tunaogombana nao kila siku: nyani, ngedere, kicheche anayemaliza kuku, hondohondo anayepiga kelele juu ya mkuyu utadhani amefiwa.

Hatuko wengi wenye ugonjwa huo. Tulikuwa na kundi la wapiga picha wa Korogwe na Handeni, tukikutana Jumapili moja kila mwezi katika ukumbi wa kukodi. Kila mwezi tulipewa mada ya neno moja: Kiu. Haraka. Kivuli. Kila mmoja alileta picha moja ya mnyama inayoendana na neno hilo, picha ikaangazwa kwenye shuka jeupe ukutani, na wenzake wakaichambua. Tulikuwa na sheria ngumu. Picha yako ikiwa kwenye shuka, hufungui mdomo. Hujitetei, huelezi, husemi jua lilikuwa kali wala betri ilikuwa inaisha. Unasikiliza mpaka mwisho, kisha unasema neno moja tu, "Nimepokea," na picha ya mwenzako inapanda. Mimi sheria hiyo niliipenda. Wapiga picha tuna maneno mengi, na ilikuwa dawa kukaa kimya mara moja kwa mwezi ukaambiwa ukweli.

Aliyeileta sheria hiyo ni mwenyekiti wetu. Alikuwa mtu mzima kuliko wengi wetu, na studio yake ni kubwa kuliko zote za mjini. Alikuwa na jicho kali, na kitochi kidogo cha nukta nyekundu ambacho alionyeshea kasoro. Nukta ile ikitua kwenye picha yako, hutazami kitu kingine. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge, akabaki, na ukoo wao bado unaishi karibu na kambi ya zamani ya shamba la mkonge, nje ya mji. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo tulikuwa watani, yeye na mimi, tangu kabla hatujazaliwa. Kwa msomaji asiyekulia huku: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako akaondoka nayo mpaka uikomboe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unaonekana wewe ndiye mshamba. Unachofanya ni kungoja zamu yako.

"Mzigua, umeleta picha au umekuja kula?" Ndivyo alivyonipokea kila mwezi. Nami nilimjibu kwamba Mnyamwezi asiulize habari za chakula cha watu kabla hajashusha mzigo wa upagazi kichwani. Tulicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Nataka ieleweke kwamba chuki yangu haikuanzia kwenye utani.

Mwezi ule mada ilikuwa Jirani. Mahindi ya mama yalikuwa yameshika punje, na nyani walikuwa wakishuka kila asubuhi kutoka vichaka vya ng'ambo ya korongo. Pale Mkata hakuna anayelinda peke yake. Mashamba yamepakana, watu wanapokezana, na wa kwanza kuwaona nyani anapiga yowe na kumwita kila mwenye shamba atoke. Wanatoka na mawe, na mbwa, na masufuria ya kugonga. Usipoitwa, unakuja kukuta mabua matupu.

Nilikuwa nimekaa chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia, kamera mapajani, nyani jike mmoja alipotokeza peke yake. Alikuwa na mtoto aliyeng'ang'ania manyoya ya tumbo. Akakaa kitako pale pale mpakani, mkono mmoja mbele, kiganja juu. Mama alikuwa karibu naye kuliko nilivyopenda. Aliinama akaokota bonge la udongo, akainua mkono. Wakatazamana, wanawake wawili wenye shughuli zao, kila mmoja akingoja mwenzake aamue. Nikapiga. Kisha mama akarusha, nyani akatimua mbio, na mama akaniuliza kama nimekuja kulinda au kuchezea hicho kidude.

Picha za kikao zilipelekwa kwa mwenyekiti mapema, kwa sababu projekta ilikuwa yake. Yangu niliipeleka mwenyewe kwenye flashi, studioni kwake. Aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza, akaipitia sehemu kwa sehemu. Alipofika kwenye mkono wa mama alisimama.

"Hata mizizi ya majani inaonekana kwenye hilo bonge," alisema. "Udongo unamdondoka kati ya vidole."

Nilitoka pale nimejaa furaha, nikarudi Kilole kwa miguu ili nisiichanganye na kelele za bodaboda.

Lazima niseme kilichokuwa kinagombewa. Hoteli moja ya kando ya barabara kuu, ambako mabasi husimama abiria wale, ilikuwa imekubali kutundika ukutani picha yetu moja, kubwa, na ingechaguliwa kutoka mada ile. Mwenyekiti naye alikuwa na yake: mbega wawili kwenye tawi moja, wamepeana mgongo. Ilikuwa picha nzuri. Yangu ilikuwa nzuri zaidi, naye aliliona hilo akiwa ameshika kipanya.

Jumapili ile madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi, na mwanga wa mchana ulififisha kila kitu kwenye shuka. Picha yangu ilipopanda, watu walisogeza viti mbele. Jamaa mmoja wa Handeni akaanza kusema kitu kuhusu macho, namna yanavyokutana. Mwenyekiti akamkatiza. Nukta nyekundu ikatua kwenye paji la uso la mama yangu, ikahamia kwa nyani, ikarudi kwa mama.

"Mada ni Jirani," alisema. "Lakini mtani wangu katuletea ndugu. Nisaidieni jamani, kati ya hawa wawili yupi ndiye mama yake?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilicheka na mimi. Huo ulikuwa utani, mkali lakini halali, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kumrudishia mwezi ujao. Kisha nukta ikashuka mkononi mwa mama.

"Na siri yenyewe iko hapa. Hili ni hindi. Bibi kashika hindi bichi anampa, na mwenzake kanyoosha kiganja anapokea. Nyani wa porini hakai hivi mbele ya mtu. Huyu kazoeshwa. Hii ni picha ya kupanga. Mzigua anafuga nyani Mkata, ndiyo maana mahindi ya Handeni siku hizi hayafiki sokoni."

Wakacheka tena, kwa sababu sentensi ya mwisho ilikuwa utani na sauti yake ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Hapo ndipo alipokuwa hodari. Aliufunga uongo ndani ya utani kama mtu anavyomfichia mbwa dawa ndani ya ugali. Nami nilikuwa nimesimama kando ya shuka nimefungwa mara mbili: sheria ya kundi inanikataza kueleza, na desturi ya utani inanikataza kukasirika. Nilimtazama usoni. Alitazama shuka. Watu wakasubiri neno langu.

"Nimepokea," nikasema.

Mbega ndio waliokwenda hotelini. Nilimfuata nje akiwa anakunja waya za projekta.

"Mwenyekiti, wewe uliliona lile bonge. Ulilisema mwenyewe."

"Mtani, umekasirika?" Alipaza sauti ili wengine wasikie. "Jamani, Mzigua kakasirika."

Wakacheka mara ya tatu, nami nikapanda bodaboda nikaondoka.

Hoteli ningeisamehe. Ningekula chips zangu mahali pengine na maisha yangeendelea. Lakini mmoja wetu alikuwa amerekodi kikao kwa simu, na kwa sababu kilimchekesha akakituma kwa wenzake, nao wakakituma kwa wenzao. Video ikapita Handeni ikafika Mkata. Huko hakuna aliyecheka. Mkata kumpa nyani hindi si jambo la mzaha. Nyani akishauzoea mkono wa mtu mmoja hamwogopi mtu yeyote tena, na anamaliza mashamba ya wote.

Jirani wa mama upande wa korongo ni mzee mmoja ambaye wamelinda pamoja tangu mimi nikiwa mtoto. Yeye ndiye mwenye yowe kubwa kuliko wote, na yeye ndiye aliyekuwa akimwita mama. Alikuja na simu mkononi, akamwonyesha.

"Mama, hili ni hindi au si hindi?"

"Ni udongo," mama akasema.

"Huyu mtaalamu wa picha anasema ni hindi."

Nilikwenda Mkata siku niliyopata habari hizo, na picha kamili kwenye kamera. Nikamwamkia mzee, nikaikuza, nikamwonyesha mizizi na vumbi. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia kamera.

"Binti yangu, nyie mnampiga mtu mwenye kipara, picha ikitoka ana nywele," alisema. "Nitaamini vipi?"

Nikaizima kamera. Mwanawe alipooa, mimi ndiye niliyempa nywele.

Nyani waliposhuka tena, yowe lilipigwa upande wa pili na kila mwenye shamba akaitwa, isipokuwa mama. Alipostuka na kutoka, mistari yote ya karibu na korongo ilikuwa imelala chini. Kisimani wanawake walianza kumwitikia salamu bila kusimama. Niliporudi Jumamosi nilimkuta amekaa kwenye kigoda anaokota mahindi yaliyotafunwa nusu, anatoa punje zilizosalia, moja moja, anaweka kwenye ungo. Hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu kama yule mtu wa Korogwe ni mzima wa akili. Nikamwambia ni mzima kabisa, na kuanzia siku ile nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Nasema kuchukia na sipunguzi. Nilipokuwa nawaambia wateja wainue kidevu, nilikuwa namwona yeye kwenye kile kiti. Niliwaza kuimwagia chai projekta. Niliwaza kusimama hotelini mbele ya wale mbega na kuwaambia abiria wote habari ya aliyewapiga. Nilijaribu njia ya heshima kwanza. Mada ilipokuwa Kimya, alileta bundi, nami nikanyoosha mkono nikachambua: jicho halijakaza, tawi la nyuma linamtoka kichwani kama pembe, mwanga umetoka upande usiomfaa. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimepokea," alisema, akatabasamu, na watu wakasema pembeni kwamba bado nina kinyongo cha hoteli. Kinyongo nilikuwa nacho; walikosea kwa hoteli tu.

Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja. Mkata hawakuniamini mimi, na wasingemwamini mtu mwingine yeyote. Wangemwamini yeye, kwa sababu ndiye aliyesema hindi. Nilitaka aseme udongo, kwa mdomo wake, mbele ya watu, na mtu arekodi. Na nilitaka siku atakapolisema limuume.

Ndipo mama yake akafariki.

Tangazo lilipoingia kwenye kundi nilikuwa nakata picha za pasipoti. Niliweka mkasi mezani. Wenzangu waliandika pole, na mimi nikaandika pole. Kisha nikafunga studio, nikaingia jikoni kwangu, nikachukua mwiko mkubwa wa kusongea, kanga ya kujifunga kiunoni na majivu kwenye mfuko. Mtani haendi msibani mikono mitupu. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha waliofiwa, kumwiga marehemu, kukalia njia, kushika kitu cha marehemu mpaka kikombolewe. Mwenyekiti alinikumbusha utani mbele ya ukumbi mzima. Sasa nilikuwa nakwenda kuutumia wote mpaka tone la mwisho.

Nyumba yao iko karibu na ile kambi ya zamani, chini ya miarobaini. Nilifika asubuhi ya maziko, jeneza likiwa bado ndani na watu wa kanisani wakijipanga. Mlangoni kulikuwa na stuli, na juu ya stuli picha ya marehemu kwenye fremu, yenye utepe mweusi pembeni. Nilijua mara moja nani aliipiga. Bibi amekaa kwenye kiti cha uani, ana kitambaa cheupe kichwani, midomo imefungwa, macho yanakutazama wewe na si kamera.

Nilijipaka majivu usoni, nikajifunga kanga, nikaingia nikilia kilio cha uongo ambacho kila mtu wa rika la wazee anakijua. Shangazi wa mwenyekiti, bibi mrefu aliyekuwa ameshika mambo yote ya msiba, aligeuka.

"Mzigua kafika," alisema. "Mpisheni mwenye kazi yake."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tuone."

Nikachukua ile fremu kutoka kwenye stuli, nikakaa nayo kizingitini, miguu nimenyoosha, mlango nimeuziba. Nikasema hapiti mtu. Nikaigeuza picha iwatazame waombolezaji, nikainua mwiko, na ncha ya mwiko nikaiweka kwenye paji la uso la marehemu. Wenzangu wa kundi walikuwa wamesimama pamoja karibu na mti, na niliona namna walivyotazamana.

"Kikao kimeanza," nikasema. "Mwenyekiti yuko wapi? Mada ya leo ni nini?"

Alikuwa pale pale, kwenye benchi la wanaume, macho mekundu. Picha ilikuwa yake, na kwa sheria aliyoileta mwenyewe hakuruhusiwa kufungua mdomo. Nikaendelea.

"Mnyama huyu mmempata pori gani? Shingo imekaza hivi, hajajua bado kwamba mzigo walioubeba babu zake ulishushwa zamani. Na mdomo umefungwa. Mimi sijawahi kumwona Mnyamwezi kafunga mdomo, isipokuwa chakula kimeisha. Tazameni mkono huu ulio nyuma ya kiti. Kwa nini hauonekani? Kaficha nini? Shangazi, hesabu sufuria zako kabla hatujamzika."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akilia tangu nifike alicheka kwa kushtukia, kamasi zikamtoka, akacheka zaidi. Wakafuata wengine. Shangazi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Niliinuka nikamwiga bibi akitembea na mzigo na kuulizia chakula, nikakaa tena kizingitini, na benchi la wanaume nalo likavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mmoja tu, na yeye alikuwa anatazama ncha ya mwiko juu ya uso wa mama yake, kama nilivyotazama nukta nyekundu juu ya uso wa wangu.

"Haya, komboeni," shangazi akasema alipopata pumzi. "Mtani anadai. Mlipeni tutoe maiti."

Mwenyekiti akasimama, akaja na noti imekunjwa. Nikaisukuma kwa mwiko.

"Pesa yako sitaki. Nina swali moja, nijibu mbele ya hawa." Nilimwona yule mwenzetu wa video, simu mkononi, akirekodi tangu nilipoingia. Nikangoja mpaka aisogeze vizuri. "Picha yangu ya Mkata. Mama yangu ameshika nini?"

Watu wa nyumbani hawakuelewa, lakini wa kundi walielewa wote. Nadhani mwenyekiti alitafuta utani wa kutokea, kwa sababu midomo ilianza kujikunja, kisha ikaacha.

"Mtani, si leo," alisema kwa sauti ya chini.

"Leo."

"Mjibu mtu," shangazi alisema. "Mama yako anangoja."

Alikuwa anangoja kweli, nyuma ya mgongo wangu, ndani ya sanduku lake. Na mimi nilikuwa tayari kukaa pale mpaka jioni.

"Udongo," alisema. "Ameshika bonge la udongo. Anamfukuza."

"Uliliona lini?"

"Kabla ya kikao. Nililiona kwenye kompyuta. Picha haikupangwa." Akameza mate. Kisha, na hili sikulitegemea, jicho lake la kazi likamshinda. "Ila umemkata nyani mkia. Ungerudi nyuma kidogo tu, ungeingia wote. Na kichwa cha mtoto kimemezwa na kivuli."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelijua hilo tangu siku niliyopiga, na ndilo nililolisubiri Jumapili ile mtu aniambie. Wenzangu pale chini ya mti waligeuka kunitazama. Hasira ilinipanda upya, kwa sababu alikuwa mchambuzi mzuri na alikuwa nalo tangu mwanzo, akaamua kunipa uongo.

"Nimepokea," nikasema, nikampa picha ya mama yake, nikatoka mlangoni.

Nilidhani nimemaliza kazi. Wakati jeneza linatolewa shangazi alinivuta mkono, nami nikajiandaa kutukanwa. Macho yake yalikuwa bado na machozi ya kicheko.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Tangu juzi hatujapumua. Umemsindikiza wifi yangu vizuri."

Nilikwenda pale kumuumiza mtu, na nyumba nzima ikanishukuru. Walinipakulia wali wa kwanza na nyama nzuri. Nililia pale jikoni kati ya masufuria, kwa hasira, na wanawake wakasema Mzigua wa watu ana huruma.

Video ilifika Mkata kabla yangu. Mzee wa korongoni alikuja kwa mama, akasimama uani, akazungumza juu ya mvua, juu ya mbwa wake, juu ya bei ya mbegu, kisha akasema nyani wamehamia upande wa juu na kesho yeye ndiye wa zamu. Hakuomba msamaha. Asubuhi, nikiwa kitandani, nilisikia yowe lake, refu, likimwita mama kwa jina lake lote na la baba yake. Mama alikuwa ameshatoka na sufuria.

Aliporudi, miguu imejaa umande, alitaka aione video yote kwenye simu yangu. Hakuwa ameona ila ule mwisho wa udongo. Nikamwekea tangu majivu. Alicheka kwenye mzigo, akacheka kwenye sufuria, na kwenye chakula kilichoisha akashika mbavu. Nilipofika kwenye swali langu hakucheka. Alimtazama yule mtu akijibu, akaniambia nirudishe nyuma, akamtazama tena.

"Siku yangu ikifika, huyu atakuja," alisema.

"Asithubutu."

"Atakuja. Ni mtani, ana haki. Atakaa hapo mlangoni, na yale ya nyani atayasema tena, tena mbele ya watu wazima." Akanirudishia simu, akaanza kufuta miguu yake kwa majani. "Na wewe hutakasirika."

Nilitazama mlango anaousema, kizingiti cha mti ambacho baba alikichonga vibaya, na nikamwona mwenyekiti amekaa pale na kitochi chake.

"Aje," nikamwambia mama. "Aseme yote anayotaka. Ila kabla hawajakutoa ndani, nitamuuliza tena umeshika nini."